Vipande vya skrabu vinalegea, sukari inazama: nimekosea wapi?

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Arua, Uganda, nauza mafuta ya kupaka ninayoyatengeneza nyumbani, na sasa nataka kuongeza vipande vya skrabu, vile vya kusugua ngozi na kuilainisha kwa mara moja. Nilifuata maelekezo niliyoyapata kwenye simu: siagi ya shea (ile ya kokwa za mti wa shea) vikombe viwili, mafuta ya nazi kikombe kimoja, sukari vikombe viwili. Kwenye friji vilitoka vizuri, lakini kufika saa saba mchana vimelegea kama ndizi mbivu. Sukari yote imekaa chini. Vingine vina chengachenga ambazo si sukari. Mara ya pili nilitia machicha ya kahawa tuliyokunywa asubuhi, na baada ya wiki mbili vikaota ukungu. Tena mteja mmoja analalamika kwamba aliteleza bafuni, nusura aanguke. Nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kwanza pole, na huyo mteja mpe pole zangu pia. Mikono yako haina kosa kubwa. Maelekezo yale yaliandikwa kwa ajili ya nchi ya baridi, na kwa shea isiyo shea yako.

Shea inayouzwa kwa wingi duniani hutoka Afrika Magharibi, nchi kama Ghana na Burkina Faso. Ile ni ngumu. Ya kwetu, ambayo Waacholi na Walango huiita moo yaa, hutoka kwa aina nyingine ya mti huohuo, inayomea kaskazini ya Uganda na Sudan Kusini. Wataalamu huiita nilotica. Zaidi ya nusu ya mafuta yake ni asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni na kuyafanya yawe majimaji. Asidi ya steariki, ambayo ndiyo hugandisha, imo kwa kiasi kidogo kuliko kwenye shea ya magharibi. Kwa sababu hiyo moo yaa ni laini na huenea vizuri mwilini, na kwa sababu hiyohiyo haiwezi kusimama peke yake kama kipande. Juu yake ukaongeza mafuta ya nazi, yanayoyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Arua wakati wa kiangazi, nyuzi 24 zinapita kabla ya adhuhuri.

Usiiache moo yaa. Ni mali yetu, na kwa ngozi kavu sijaona inayoishinda. Ipe uti wa mgongo tu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na siagi ya kakao kwenye nyuzi 34 hadi 38, yaani inasimama kivulini lakini inayeyuka ikigusa mwili. Katika karakana yangu hapa Kampala, kwa kila gramu 100 naweka siagi ya kakao gramu 33, moo yaa 20, nta ya nyuki 12, mafuta ya simsim 5 na sukari 30. Siagi ya kakao ni ghali, najua. Kakao ya Bundibugyo nyingi tunaiuza nje ikiwa punje. Ukiikosa, tumia moo yaa gramu 50, nta 20 na sukari 30. Kipande kitasimama, ila kitakuwa kizito kidogo mkononi na kitaacha utando wa nta kwenye ngozi. Mimi ningetafuta kakao.

Na tafadhali, nunua mizani ndogo ya jikoni. Kikombe cha shea iliyoyeyuka na kikombe cha shea ya mabonge havina uzito mmoja, na sukari ya chenga kubwa huacha nafasi nyingi ndani ya kikombe. Bila mizani hutajua ni kipi kilichoharibu kazi.

Sasa zile chengachenga. Hizo ni mafuta yenyewe. Shea ikipoa polepole, sehemu yake ngumu huganda kwanza na kujikusanya kuwa punje, huku sehemu laini ikiendelea kuwa maji. Ukiipoza haraka, zote huganda pamoja na mkono hausikii kitu. Basi weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya sigiri, si moja kwa moja kwenye moto. Anza na nta, maana ndiyo inayochelewa kuyeyuka. Ikishakuwa maji, tia kakao, kisha moo yaa na simsim. Hakikisha hakuna hata bonge dogo lililobaki, kwa sababu punje moja isiyoyeyuka huwa mbegu ya nyingine.

Chunguza moo yaa kabla ya yote. Inayotengenezwa kwa mkono hupatikana kwa kuchemsha na kuengua, kwa hiyo mara nyingi hubaki na maji kidogo. Yeyusha kijiko kimoja: kikichemka na kurukaruka, kina maji. Ipashe taratibu mpaka itulie, kisha ichuje kwa kitambaa safi kikavu. Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndipo harufu ya kuchacha inapoanzia.

Sukari ilizama kwa sababu ni nzito kuliko mafuta na haiyeyuki ndani yake. Ukiimwaga kwenye mafuta ya moto yaliyo mepesi kama maji, itakwenda chini hata ukoroge mpaka magharibi. Ondoa chombo motoni, koroga, subiri. Mafuta yakianza kuwa mazito kama uji, mwiko ukipita unaacha alama, hapo ndipo utie sukari na manukato, ukoroge haraka na kumimina. Una dakika chache tu, kwa hiyo kalibu ziwe tayari mezani. Manukato yasizidi gramu moja kwa kila gramu 100, na mdalasini usiuweke kabisa, unawasha. Kalibu zikishajaa, friji kwa nusu saa. Umeme ukikatika, beseni la maji baridi linatosha, mradi maji yasiruke ndani. Ukivitoa, vifunike kwa kitambaa mpaka viache ubaridi, kwa kuwa sukari huvuta unyevu wa hewani na vipande vitatoka jasho.

Sukari yetu ya kahawia ina chenga kubwa. Isage kidogo kwenye kinu, maana chenga kali huchubua. Chumvi ya ziwa Katwe inafaa kwa nyayo, ila inauma kwenye ngozi iliyonyolewa.

Kuhusu ukungu nitasema waziwazi: vile vyote vilivyoota, tupa. Usikwangue juu ukauza chini. Machicha ya kahawa yana maji, na ukungu unataka maji na chakula, vyote viwili ukaupa. Tumia kahawa kavu, iliyokaangwa na kusagwa, haijaguswa na maji. Wapo watakaokuambia utie vitamini E. Hiyo huchelewesha mafuta kuchacha; ukungu na bakteria haiwagusi.

Lakini hata kipande kilichotengenezwa vizuri, mteja akikisugua kwa mikono yenye maji na kukiacha bafuni, kitaharibika. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwako ni huu: acha vipande vikubwa kama sabuni. Mimina vidogo vya gramu 15 hadi 20, kimoja kwa kuoga mara moja. Mteja anachukua kimoja kwa mkono mkavu, anakitumia chote, vingine vinabaki kwenye mkebe kavu nje ya bafu. Tangu nianze kuvimimina hivyo sijaletewa kipande chenye ukungu.

Na huko kuteleza. Mafuta yakidondoka kwenye saruji au vigae vyenye maji, sakafu inakuwa hatari, hasa kwa wazee na wajawazito. Unaweza kutia nta ya kuchanganyisha mafuta na maji, ile inayouzwa na wauza malighafi za vipodozi, gramu 5 ukipunguza kakao kwa gramu hizohizo. Mafuta yatasuuzika zaidi. Hata hivyo andika onyo kwenye pakiti, na uwaambie wateja kwa mdomo: simama juu ya taulo au mkeka wa mpira, na ukimaliza osha sakafu kwa sabuni na maji ya moto.

Kukitumia ni rahisi. Mtu aoge kwanza, afunge maji, kisha asugue ngozi ikiwa bado na maji kwa mizunguko ya taratibu kwa dakika moja au mbili. Sukari itayeyuka yenyewe. Asuuze kwa maji ya vuguvugu na ajikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua tena. Mara moja kwa wiki inatosha, mbili kwa visigino na viwiko. Usoni hapana. Kwenye jeraha, ukurutu, chunusi zilizoiva au ngozi iliyonyolewa leo, hapana pia. Andika viungo vyote kwenye pakiti, hasa simsim na shea, maana wapo wanaodhurika na mbegu na kokwa.

Vile vilivyolegea bila ukungu vinaokoleka. Viyeyushe, chuja sukari, pima mafuta yaliyobaki, kisha kwa kila gramu 50 ongeza nta gramu 20 na sukari mpya 30. Kwa kuwa yana nazi ndani, vitakuwa laini kidogo kuliko vya moo yaa tupu; vitumie nyumbani.

Kabla ya kupeleka vipya dukani, ulizia kwanza masharti ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, kwa vipodozi. Na kabla ya hapo, chukua vipande vitatu, viweke kwenye sahani chini ya bati pale unapohifadhi bidhaa zako, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi, siku tatu mfululizo. Kimoja kikilegea, ongeza nta gramu mbili, punguza moo yaa gramu mbili, ujaribu tena.