Jibu: Katoni ya draivu kuukuu za laptopu, nitupe au niweke?

Ndugu, umesema mke wako amekupa hadi Jumamosi uondoe katoni iliyo chini ya kitanda: draivu nne za DVD zilizochomolewa kwenye laptopu, diski ngumu sita (mbili ni zile za pini za zamani), trei moja ya kubebea diski na kidude cha flopi. Walionitangulia hapa wanakwambia utupe zote kwa sababu siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Mimi natengeneza laptopu hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa kumi na tatu sasa, na katoni kama hiyo niliwahi kuitupa.

Ilikuwa 2019, nahama kibanda. Nikampa jamaa wa skrapu kila kitu kilichokuwa kwenye gunia, akapima, akanilipa hela ya chai. Hata miezi mitatu haikuisha akaja mama mmoja kutoka upande wa Ahero na bahasha ya kaki. Ndani mna DVD mbili za mazishi ya mumewe ya 2011. Waliokulia huku wanajua: mpiga video wa matanga huleta kazi yake baada ya wiki kadhaa, familia inamlipa, kisha DVD inawekwa kabatini pamoja na hati ya shamba. Deki ya huyo mama iliungua siku stima iliporudi kwa nguvu. Mwanawe yuko Uarabuni, hakuwahi kufika mazishini, na sasa anataka atumiwe kwa simu.

Nilizunguka na ile bahasha siku mbili. Saiba ya jirani ilikuwa na kompyuta tano, trei mbili zinafunguka, hakuna inayosoma. Mwishowe nikapata sokoni Kibuye laptopu ya HP iliyokufa bodi, nikanunua draivu yake peke yake kwa mia mbili. Yaani nilinunua kitu ambacho nilikuwa nimekiuza kwa kilo.

DVD ya kwanza ikasoma bila shida. Ya pili ikaguruma, ikanyamaza, ikaguruma tena. Nikaazima draivu mpya ya USB kwa fundi mwenzangu, nayo ikakataa kabisa. Kilichonisaidia ni draivu nyingine ya zamani, nene, iliyotoka kwenye laptopu ya mtoto wa shangazi yangu. Hiyo iliisoma polepole usiku kucha. Draivu hizi haziwi na macho sawa: sahani ambayo moja inaikataa, nyingine huimaliza. Ndiyo maana sitakwambia uweke moja. Weka mbili, na ziwe za kampuni tofauti ikiwezekana.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, nilitumia ddrescue, programu ya bure ya Linux. Uzuri wake ni kwamba huandika ramani ya sehemu zilizosomeka na zilizokataa. Ukichoka na draivu moja unaihamishia sahani kwenye nyingine, unaielekeza programu kwenye ramani ileile, nayo inarudia yale mapengo tu. Tulibaki na pengo la kama dakika nne. Nikamwomba mama radhi, nikamwonyesha mahali penyewe. Akatazama, akasema hapo ni hotuba za wanasiasa, niache.

Lakini usinielewe vibaya, sisemi DVD ni mahali pa kuweka vitu. Sahani iliyochomwa kwenye kompyuta si sawa na ile ya filamu iliyotoka kiwandani. Ya kiwandani imegandamizwa, yaani vishimo vyake vimo ndani ya plastiki yenyewe. Ya kuchoma ina tabaka la rangi ambalo miale ya leza huliunguza, na rangi hiyo joto na jua vinaila. Iache dirishani hapa Kisumu uone. Tena inabeba GB 4.7 tu, kwa hiyo harusi moja ndefu imeijaza. Unaweka draivu ili utoe yaliyomo humo, basi. Ukishatoa, weka nakala mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine.

Jambo dogo la kukuokolea pesa: draivu ya DVD ya laptopu haiingii kwenye waya wa USB wa diski ngumu. Upande wa data ni uleule wa pini saba, ila upande wa umeme ni mfupi, pini sita badala ya kumi na tano. Nimeona watu wakilazimisha mpaka plastiki ikavunjika. Nunua waya au kasha lililotengenezewa draivu nyembamba za DVD, na upime unene kwanza, maana ziko za milimita 12.7 na za 9.5.

Tuje kwenye diski sita, na hapa nina dhambi ya kuungama. Kuna mwaka nilimuuzia mwanafunzi diski ya GB 500 iliyotoka kwenye laptopu iliyoanguka. Kioo kilipasuka, diski ikawaka vizuri, nikasema nzima. Wiki moja kabla hajawasilisha kazi yake ya mwisho chuoni ikaanza ule mlio wa tik, tik, tik. Nilimrudishia pesa. Kazi sikuweza kumrudishia. Alikuwa na nusu yake kwenye barua pepe aliyomtumia msimamizi wake, na nusu nyingine akaiandika upya bila kulala. Hadi leo tukikutana stendi ananisalimia kwa adabu, na hiyo adabu inaniuma kuliko matusi.

Tangu hapo siuzi wala siweki diski kabla ya kusoma afya yake. CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kupima diski, ni ya bure na inatosha. Usiangalie ule mstari wa rangi pekee. Tazama namba 05, ambayo ni sehemu zilizokwisha kuharibika na kubadilishwa, na C5, ambayo ni sehemu zinazosubiri hukumu. Safu ya thamani ghafi (Raw Values) ikiwa sifuri kwa zote mbili, endelea. C5 ikiwa na chochote, kwangu hiyo diski si ya kuhifadhia kitu tena, hata kama muuzaji anaapa.

Zilizo nzima zina kazi. Diski ya laptopu hutumia volti 5 tu, ndiyo maana inaendeshwa na waya wa USB peke yake, tofauti na zile kubwa za kompyuta ya mezani zinazotaka volti 12 na adapta ya ukutani. Ila inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inapoendelea, na tundu la USB 2.0 limekadiriwa miliampia 500. Ikiwaka, ikazima, ikawaka tena, usiizike kwanza. Jaribu tundu la USB 3.0 au waya wenye vichwa viwili. Nimefufua diski kadhaa "zilizokufa" kwa njia hiyo tu.

Usiirudishe ndani ya laptopu iwe ndiyo inayowasha Windows, hata kama ni nzima. SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya bei ya chini kabisa itaishinda mbali. Itumie kuweka nakala ya pili ya picha, kisha uitoe na uifungie kabatini. SSD ikikaa miaka bila umeme, hasa kwenye joto, inaweza kusahau ilichobeba, lakini diski ya kuzunguka huvumilia zaidi kukaa bure. Adui yake huku ni unyevu wa ziwa na kuanguka. Mimi nazifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kisha kila mwaka, wakati wa Krismasi, naziwasha niangalie.

Zile mbili za pini 44 ni IDE, muunganisho wa zamani, kabla SATA, ule wa pini saba za data, haijaenea. Za kwako nadhani ni GB 40 au 80. Hazina thamani sokoni. Lakini ukiwa na waya wa kuzisomea usiutupe, maana hiyo ndiyo adimu. Toa yaliyomo, kisha diski zenyewe ziende.

Ziende namna gani? Kufuta mafaili hakutoshi, na ile fomati ya haraka pia haitoshi. Nimewahi kununua diski "tupu" nikakuta humo vitambulisho vya watu, skani za hati za mashamba, na malipo ya wafanyakazi wa kampuni moja. Kwenye Windows, ondoa alama ya fomati ya haraka ili iandike sifuri diski nzima. Itachukua saa kadhaa, iache. Ukikuta zimekufa, hazikubali kuandikwa, fungua uvunje sahani za ndani. Tahadhari: za laptopu mara nyingi ni kioo kilichopakwa, kinapasuka vipande vidogo vikali. Mimi huzifunga kwenye gunia ndipo nipige nyundo, na miwani nimevaa. Sumaku za ndani zitoe, zinashika skrubu mezani kuliko kitu chochote utakachonunua, ila ziwe mbali na watoto.

Flopi sina la kusema. MB 1.44, picha moja ya simu yako haiingii. Mimi ninayo moja rafuni na sijui kwa nini.

Kwa hiyo mwambie mama watoto katoni itapungua iwe kisanduku cha viatu: draivu mbili za DVD na waya wake, diski zitakazofaulu mtihani, waya wa IDE. Ile trei, ambayo mafundi tunaiita kedi, inaingia mahali pa DVD na kukupa diski ya pili ndani ya laptopu, na bado naulizwa kila mwezi. Ukiwa huitumii, pima unene wake uniambie ni 9.5 au 12.7. Kama ni 12.7 nina mteja wake Mamboleo anayeisubiri.