Maswali yenu: Tarzan ya Bo Derek, kesi yake na picha iliyopigwa huku kwetu

Wiki iliyopita niliitaja Tarzan, the Ape Man ya 1981, ile ambayo mwigizaji wa Marekani Bo Derek ndo Jane, kwa sentensi moja tu, kwamba picha yenyewe mbovu ila stori ya jinsi ilivyotengenezwa ni tamu, basi maswali yakamiminika. Haya twende, ambaye sijamfikia asinune.

Hiyo Tarzan gani? Mi naijua ya yule muogeleaji. (Mdau, Tanga)

Ya muogeleaji ndo chimbuko. Johnny Weissmuller, medali tano za dhahabu za Olimpiki, kampuni ya filamu ya Marekani MGM, mwaka 1932. Stori ni ya dada anaitwa Jane anakuja Afrika kwa baba yake, mzee anasaka makaburi ya tembo ajizolee pembe, mara anatokea jamaa wa msituni anambeba binti. MGM wakairudia 1959 na Denny Miller, tena kwa ubahili mpaka wakachukua vipande vya ile ya 1932 ambayo haikuwa na rangi, wakavipaka rangi wakavichomeka humo humo. Hiyo ya 1981 ni mara ya tatu kwa stori ile ile.

Kaka, walishutia Kenya au Bongo?

Wapi! Sri Lanka na Shelisheli. Stori inasema Afrika halafu rafiki mkubwa wa Tarzan ni orangutan, mnyama wa Borneo na Sumatra huko, mtoto yeyote wa Kigoma anayewajua sokwe wa Gombe angeuliza huyu mwekundu kapanda meli gani kuja huku. Ila tusiwaonee wao peke yao, hata ile ya 1932 waliyoishutia Marekani walitumia tembo wa Asia wakawavalisha masikio ya bandia ili wafanane na wa kwetu.

Nasikia walifikishana mahakamani. Walikuwa wanagombania nini hasa?

Hapa ndo penye utamu. Mwandishi wa Tarzan, Edgar Rice Burroughs, aliingia mkataba na MGM 1931, na mkataba ukawapa MGM ruhusa ya kuirudia ile picha yao ya kwanza, ila kwa sharti kwamba wasiende mbali na stori ya picha hiyo. Mzee akafariki 1950. Marekani ikaja kupitisha sheria mpya ya hakimiliki 1976 inayoruhusu warithi kuvunja mikataba ya zamani kama hiyo, familia ikachangamka ikapeleka notisi ya kuvunja, tatizo kwenye orodha ya vitabu wakaviacha vitabu vitano vya Tarzan. Vitano tu! Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ikasema kwa hivyo vilivyoachwa MGM bado ana haki yake, kwa hiyo alikuwa sawa kutengeneza.

Kabla ya hapo lakini, picha ikiwa karibu kutoka, familia ilishalalamika kwamba hii siyo ile stori ya 1932, hii ni picha ya mwanamke kuvua nguo na Tarzan kawekwa kama pambo, na jaji wa New York akaamuru baadhi ya sini za uchi zikatwe ndo iende sokoni. Mimi kwa hili niko upande wa familia. Maana dairekta alikuwa John Derek, mume wa Bo, kamera kashika yeye mwenyewe, na prodyuza ni mke wake ambaye ndo huyo huyo yuko mbele ya kamera, sasa hapo nani wa kumwambia mwenzake hii sini ndefu punguza? Ukiiangalia unaona kabisa jamaa hana haraka na simba wala makaburi ya tembo, kamera inamzunguka mkewe tu, majini, ufukweni, kwenye matope, dakika zinakatika na stori imelala.

Mbona Tarzan mwenyewe haongei? Nilidhani CD yangu mbovu. (Msomaji, Nakuru)

CD nzima kabisa. Hajapewa hata sentensi moja, ni kupiga ule ukelele basi. Na hiyo nafasi mwanzoni ilikuwa ya Lee Canalito, akaondolewa, ndo akaletwa Miles O'Keeffe ambaye alikuwa hajulikani. Yaani steringi anabadilishwa na hakuna mstari hata mmoja wa kukariri, hebu fikiria. Anayeongea kwa wote ni Richard Harris, baba wa Jane, anafoka mwanzo mwisho, na mimi nakiri akitoka yeye nasinzia.

Huyo Bo si ndo wa nywele za kusuka?

Ndo yeye. Picha inaitwa 10, ya 1979, alisuka twende kilioni akatia na shanga, Marekani ikashangaa kama vile ni kitu kimegunduliwa juzi. Mabibi zetu wamesukana hivyo vibarazani miaka yote na hakuna gazeti lililokuja. Ila ndo umaarufu uliowapa MGM ujasiri wa kuweka hela kwake.

Ilikula hasara?

Thubutu. Ilitumia kama dola milioni 6 na nusu, Marekani peke yake ikaingiza zaidi ya milioni 35. Wakosoaji waliichana vibaya, na kwenye tuzo za Razzie, zile za kuwazomea wabovu, Bo akapewa ya mwigizaji mbovu wa kike pamoja na Faye Dunaway. Watu walilipa kumuona Bo, wakamuona, biashara ikaisha.

Kwa hiyo Tarzan wote hao hakuna chochote cha huku kwetu? (Dada wa Arusha)

Kipo dada, tena kipo kwenye ile ya 1932. Van Dyke aliyeidairekti alikuwa ametoka kupiga picha nyingine ya MGM, Trader Horn, 1929 alikuja na msafara mzima, wakazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, wakapiga picha wanyama wa kweli na watu wa kweli. Mkenya Mutia Omoolu aliigiza humo mtu muhimu kabisa na wakampeleka mpaka Hollywood kumalizia. Mwigizaji mwenzake, mwanadada Edwina Booth, yeye alirudi kwao na maradhi akawashtaki MGM. Picha ilipotoka 1931 vipande vikabaki vingi, sasa wahasibu wa MGM wanaangalia hiyo mali stoo, ndo ikawa moja ya sababu za kutengeneza Tarzan. Kwa hiyo ukiona Weissmuller amesimama na nyuma yake kuna mbuga inapita, mara nyingi hiyo ni filamu iliyopigwa huku.

Nianze na ipi?

Ya 1932. Ya 1981 angalia dakika kumi za mwanzo umsikie Harris anavyofoka, kisha ruka mpaka majina ya mwisho, orangutan anacheza na Bo na O'Keeffe na ndiye anaigiza vizuri kuliko wote wawili.