Jibu: Konokono wanakufa miezi miwili baada ya dawa ya shaba

Pole sana, dada. Umesema ulitia dawa ya shaba kwenye tangi kutibu ugonjwa wa madoa meupe wa samaki, samaki wakapona, lakini sasa kila konokono unayemleta anakufa. Nilipitia hayohayo hapa Kisumu. Asubuhi nilimkuta konokono chini ya tangi, mguu umelegea nje ya gamba, na samaki juu yake wakiogelea wazima kabisa.

Shaba haiozi wala haigeuki mvuke. Hunata kwenye changarawe, hasa mawe ya chokaa, kisha hurudi majini kidogokidogo. Kiwango cha tiba, takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, samaki wengi hukivumilia. Konokono na kamba hufa hata kwa kiasi kidogo zaidi.

Nunua kipimo cha shaba, usikisie. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili tatu (ya mfereji yatoe klorini kwanza) na uweke kaboni (mkaa wa kuchujia) mpya kwenye chujio. Shaba ikizidi kurudi, toa changarawe yote. Mimi niliitoa, na sijutii. Pima amonia pia, maana dawa huweza kudhoofisha bakteria wa chujio wanaoiondoa.

Siku nyingine tibu kwenye beseni la pembeni, na tafadhali usiguse mrututu wa shambani (chumvi ya shaba). Maji yenye madini machache huifanya shaba iwe kali zaidi.

Samaki wakianza kuhema juujuu, badilisha maji siku hiyohiyo, kisha mtafute daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi wa kaunti.