Dirisha kwanza, ukuta baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: anayeongeza chumba nyumbani abane matumizi wapi bila kujuta? Jibu langu ni madirisha: achukue yaliyobaki karakana au yaliyokwishatumika. Ila ayanunue kabla fundi hajafika kozi ya nne ya tofali, yaani mstari wa nne, maana tundu la dirisha likishaachwa umechelewa.

Mwaka jana tulimjengea mama chumba nyuma ya nyumba yetu, Mbagala. Magoti yamemchoka, hawezi tena kuishi peke yake. Tuliposikia bei ya kutengenezesha madirisha mawili ya aluminiamu, mume wangu akasema tuzibe kwa mbao mpaka pesa ipatikane. Nilikataa. Nawajua watu waliokaa miaka nyuma ya hizo mbao "za muda", na joto la Dar mwezi wa pili halimsubiri mtu.

Nikaanza kuzunguka kwenye karakana. Nyingi zina madirisha yameegemezwa ukutani hayana mwenyewe: mteja alitoa kianzio akapotea, au fundi alikosea kipimo. Yanakula nafasi, na fundi anataka angalau pesa ya malighafi irudi. Moja lilikuwa limeandikwa pembeni kwa maka peni, "5 x 4 jikoni". Nikasukuma kioo, kikakwama katikati. Kumbe ni mchanga kwenye reli. Fundi akaupuliza, kikateleza mpaka mwisho. La pili ni la mninga, limetoka nyumba iliyobomolewa, vioo viwili vimevunjika. Yote mawili hayakufika nusu ya ile bei ya kwanza.

Wengi wanajenga, wanaacha tundu, halafu ndio wanatafuta dirisha la kulienea. Dirisha lililobaki kwa mwenzako haliji kwa kipimo chako, kwa hiyo ukuta ndio ulifuate. Cha kushika sana ni upana, na uache kama sentimita moja kila upande ili fremu isibanwe, silikoni itaziba. Kimo hakisumbui: vichwa vya madirisha vyote viwe sawa na mlango, chini ya lenta moja (ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha), na lililo fupi unalijazia tofali kwa chini. Ya mama hayalingani kimo, lakini juu yamenyooka mstari mmoja, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

Nenda na tepu. Pima kona kwa kona, kisha zile kona nyingine mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda, na la kuslaidi likishapinda liache hapohapo. La mbao lichome kwa bisibisi upande wa chini. Ikizama, maji au mchwa wameshakula. Kioo cheupe kilichovunjika kisikutishe, kinakatwa kokote. Cha rangi ndicho kigumu kukipatia mwenzake. Kumbuka pia kwamba la kuslaidi la futi 5 linafunguka nusu tu, yaani futi 2 na nusu za hewa. Ndiyo maana la mninga tuliliweka ukuta wa pili, upepo upite. Na aluminiamu ifunikwe nailoni mpaka lipu iishe, maana saruji mbichi huiachia madoa yasiyotoka.

Bei ikiwa ya kutupa na muuzaji hana maelezo, ondoka, huenda ni la wizi. Jirani yetu aling'olewa madirisha matatu wiki moja kabla ya kuhamia. Nilimwona amekaa kwenye tofali analia, mtu mzima. Mimi niliandikiwa karatasi ya mauziano kwa yote mawili.

Nilichokosea ni grili. Sikuitengea pesa, na ilikaribia bei ya dirisha lenyewe. Wavu wa mbu ukasubiri mwezi mzima, mama akilala ndani ya chandarua.

Sasa kitanda chake amekisogeza chini ya lile la "jikoni". Alfajiri, kabla hajashusha miguu, anasukuma kioo kwa kiganja, kinakwenda.