Umeuliza hiyo 2319 iliyoandikwa kwenye mpira (tairi) wa honda, yaani pikipiki, kama ni saizi
Sio saizi sheikh, ni tarehe, wiki ya 23 mwaka 2019. Tafuta mstari unaoanzia na herufi DOT ubavuni mwa mpira, namba nne za mwisho ndo hizo, mara nyengine zipo upande mmoja tu kwa hiyo uzungushe uangalie kote. Saizi ndo ile 3.00-18 au 90/90-18, hiyo 18 inchi za ringi. Miye niliununua mmoja sokoni Darajani unang'ara, kashata (yale manundu yanayokamata barabara) zote zipo, kufika nyumbani nasoma kumbe una miaka saba, mvua ya kwanza ya masika ukanitia mtaroni. Ila ukiwa umekaa dukani kivulini mwaka au miwili si neno, ukiona vimipasuko vyembamba baina ya kashata huo uwache hata wakupunguzie bei