BB ya thredi au ya kushindilia? Yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama fremu ya baiskeli ya mtumba yenye BB (beringi na ekseli inayobeba krenki, chini ya fremu) ya kushindilia, yaani inayosukumwa kwa nguvu kwenye tundu laini, inafaa, au usubiri ya thredi, inayofungwa kwa kuzungusha. Nimezipanda zote kwenye njia za Lushoto, na kwa matope yale nasema subiri ya thredi.

Kwa thredi, nilianza na ekseli ya ncha za mraba, beringi zimefungiwa ndani ya kasha. Nzito, lakini haisumbui. Ugonjwa wake ni krenki (mkono wa pedali) ya kushoto: boliti ikilegea nawe ukaendelea kukanyaga, tundu la mraba linalika. Hapo ni krenki mpya tu.

Halafu Hollowtech II ya Shimano, nayo ya thredi: vikombe vinavyoshika beringi vinakaa nje ya fremu, ekseli nene ya milimita 24. Ukisimama juu ya pedali mlimani unaisikia ilivyo ngumu. Vikombe vinapigwa na matope moja kwa moja, kweli, ila kuvibadilisha ni kazi ya robo saa ukiwa na spana yake. Angalizo: kikombe cha kulia kina thredi za kinyume, unakifungua kama unayekaza. Fundi wangu hakujua, akashika nyundo na patasi. Alikuwa anakikaza tu! Meno ya kikombe yakaisha, thredi za fremu zikapona kwa bahati.

Ya kushindilia, BB92, ndiyo iliyonitoa jasho. Kila nikikanyaga kwa nguvu, kwi-kwi-kwi. Nilibadilisha beringi mara mbili, kumbe beringi hazina kosa. Vikombe vya plastiki vilikuwa vinasugua ukuta wa fremu. Kelele ilikatika nilipoweka aina ya vipande viwili vya alumini vinavyokazana vyenyewe kwa vyenyewe humo ndani. (Ila anza na pedali: vua, paka grisi kwenye thredi, rudisha. Safari nyingine mlio wangu ulikuwa huko.)

DUB, aina ya kampuni ya SRAM iliyotoka 2018, ina ekseli ya milimita 28.99. Kwenye tundu la milimita 41 la BB92 nafasi ya beringi inakuwa finyu, gololi zinakuwa ndogo. Sijaipenda.

Ukienda kuiangalia hiyo fremu, pitisha kidole ndani ya tundu. Ukigusa thredi na upana ni milimita 68 au 73, lipa. Ikiwa laini, mwambie muuzaji apunguze bei kwa kiasi cha kununulia BB ya alumini, au achana nayo. Weka picha hapa tuone.