Maswali ya Wasomaji: Benchi Linalogeuka Kitanda Ndani ya Vani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua vani ambayo mwenyewe wa kwanza alikwisha kuigeuza kuwa malazi ya safarini. Kitanda kimejengwa nyuma moja kwa moja, kinameza karibu nusu ya nafasi, na mchana hatuna pa kukaa. Nataka kukibomoa niweke benchi litakalogeuka kitanda usiku, pamoja na kabati lenye droo. Ninazo mbao za chipubodi za milimita 18 zilizobaki nyumbani. Aidha, kwenye chumba cha mtungi wa gesi kuna tundu sakafuni linaloingiza vumbi. Je, naweza kuliziba?

JIBU: Ndugu msomaji, tundu hilo usilizibe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi darini bali hutuama sakafuni kama maji, na tundu hilo limetobolewa makusudi ili ipate njia ya kutokea nje. Vumbi lizuie kwa kuziba nyufa za kuta za chumba hicho upande wa ndani ya gari, ambako gesi haipaswi kupita hata kidogo.

Chipubodi itunze kwa rafu za nyumbani. Ni nzito, huvimba ikinywa maji, na haivumilii mtikisiko: skrubu iliyoshika imara siku ya kwanza utaikuta baadaye inazunguka bure ndani ya tundu lake, na ungaunga wa mbao umemwagika chini ya bawaba. Plaiwudi ndiyo inayofaa, ingawa nayo hutofautiana. Ubao mzima wa futi 8 kwa 4, wa milimita 18, ukiwa wa mbao ngumu hukaribia kilo 35, ilhali wa milimita 12 wa mbao nyepesi haufiki kilo 20, na kwa kuta za kabati huo mwembamba unatosha. Kabla ya kununua chochote, ipeleke vani kwenye mizani ya magari, kisha utoe uzito utakaoupata katika uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Kinachobaki ndicho utakachogawana na abiria, mizigo na maji, ambayo kila lita moja ni kilo moja.

Kwa benchi, mtindo ninaoupenda ni wa chaga zinazopishana. Unatengeneza safu mbili za mbao nyembamba, moja ikiwa imefungwa kwenye sanduku la benchi na nyingine kwenye fremu yenye miguu inayovutwa mbele, na fremu ikisukumwa ndani safu hizo huingiliana kama vidole vya mikono miwili. Ukiivuta fremu, benchi la sentimita 60 linakuwa kitanda cha karibu 120, na mto wa kuegemea unashuka kujaza pengo. Sanduku lenyewe lisizidi kimo cha sentimita 35, kwa sababu mto wa sentimita 10 ukiongezwa juu yake unapata kiti cha kimo cha kawaida. Wengi husahau kuuhesabu mto, wakaishia kukaa miguu ikining'inia. Benchi hilo ni la kukalia gari likiwa limesimama tu, kwani sanduku la plaiwudi si mahali pa kufungia mkanda wa usalama.

Kuta za vani zimepinda, kwa hiyo usikate mbao kwa vipimo vya futikamba pekee: kata kwanza kielelezo cha kadibodi, ukipunguze kidogo kidogo hadi kilale sawasawa ukutani, ndipo ukichore juu ya plaiwudi. Samani zifungwe kwa bolti kwenye mbavu za chuma za gari, si kwenye bati jembamba. Kila unapotaka kutoboa sakafu, ingia kwanza uvunguni uone tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya ziko wapi, na kingo za tundu zipake rangi zisishike kutu.

Droo za nyumbani hushikwa na uzito wake, lakini breki kali huweza kuisukuma droo ya kilo 10 kwa nguvu inayokaribia uzito wake wote, na sumaku ndogo haiwezi kuizuia. Weka komeo la kubonyeza linalojifunga lenyewe, na vyombo vizito viwe kwenye droo ya chini kabisa.

SWALI: Chini ya godoro la vani yetu pameota ukungu mweusi. Tufanyeje?

JIBU: Pumzi zenu za usiku na joto la miili hupenya godoro, mvuke ukakutana na ubao baridi ukageuka maji. Ondoeni ubao huo mweke chaga, acheni pengo la sentimita mbili au tatu kati ya godoro na ukuta, na asubuhi liinueni godoro lipate hewa kabla ya kutandika.